Gari la Kukodi Ugenini: Anayeshika Kadi Ndiye Anayeandika Hesabu

Wazee wetu, akina mama, vijana, na wageni mliovuka feri ya Likoni na foleni yake ya jioni ili mfike hapa: salaam aleikum, na karibuni nyote.

Mombasa ni mji wa wasafiri tangu enzi za majahazi. Leo mtu anaruka Dubai kufuata mali ya duka, mwingine anampeleka mzazi Istanbul, mwingine ana harusi Muscat au mkutano Cape Town. Akishashuka uwanjani, akatazama bei za teksi, anaona heri akodi gari lake kwa siku tano awe huru. Si wazo baya. Lakini wengi wanaokodi hurudi na hesabu wasiyoielewa, na wiki tatu baadaye benki inawatumia ujumbe kwamba zimekatwa pesa nyingine tena.

Tukisema utapeli, fikra za watu huenda kwa yule mwenye tovuti ya uongo. Yupo, na tutamsema. Ila pesa nyingi zaidi hupotelea mikononi mwa watu wenye leseni, ofisi yenye kiyoyozi na mkataba wa kurasa nane. Hao hawahitaji kukuibia mfukoni, maana kadi yako umewapa mwenyewe. Kwa hiyo karibu kila tutakalosema jioni hii linarudi kwenye maswali mawili: kadi ipi umewapa, na una ushahidi gani wenye tarehe?

Tummalize kwanza wa mtandaoni. Tovuti yake ameinakili kwa kampuni ya kweli, nembo na rangi zilezile, ila anwani ina kistari au neno moja la ziada. Bei yake ni nusu ya bei ya soko. Mawasiliano yake ni WhatsApp tu. Mkikubaliana, anataka pesa kwa Western Union, sarafu za kidijitali au kadi za zawadi, yaani njia ambazo pesa ikitoka hairudi. Hakuna kampuni ya kweli ya magari inayolipwa kwa kadi za zawadi. Ukisikia neno hilo, kata simu. Namba ya huduma kwa wateja nayo usiiokote kwenye matangazo yanayokaa juu ya matokeo ya utafutaji, kwa sababu nafasi ile inauzwa kwa yeyote. Andika anwani ya tovuti kwa mkono wako, uitoe namba humo. Halafu angalia jina la tovuti lilisajiliwa lini. Zipo huduma za bure za WHOIS zinazoonyesha tarehe. Kampuni inayojisifu kwa miaka 20 ya kazi huku jina la tovuti lina wiki sita, hiyo ni duka la mkononi.

Na wakala wa hapa mtaani, anayekwambia "nipe tu pesa taslimu, gari utalikuta uwanjani"? Mwambie akupe kwanza namba ya uthibitisho wa oda, kisha wewe mwenyewe uiandikie au uipigie kampuni ya kule uulize kama oda ipo kwa jina lako na imelipwa kiasi gani. Wakala wa haki hatakasirika.

Kuna utapeli mwingine mdogo unaowapata watu wengi: leseni ya kimataifa. Watu wanauziwa mtandaoni kadi ya plastiki inayong'aa, "halali miaka 10, nchi zote, imeidhinishwa na Umoja wa Mataifa". Umoja wa Mataifa hautoi leseni wala hauuzi. Kibali cha kimataifa cha kuendesha gari ni kijitabu cha karatasi, hapa Kenya kinatolewa na AA, chama cha wenye magari, na kazi yake ni kutafsiri leseni yako. Bila leseni halisi kando yake hakina thamani. Mtalii Mkenya akikodi gari Dubai anahitaji vyote viwili. Aliyekwisha kupata visa ya ukaazi kule, kibali hicho hakimfai tena, anatakiwa awe na leseni ya Imarati. Uingereza leseni yetu inakubalika kwa mgeni hadi miezi 12. Kwa nini tunalichukulia hili kwa uzito? Kwa sababu ukiendesha bila kibali kinachotakiwa, siku ya ajali bima ina sababu nzuri kabisa ya kukukana, na kampuni itakudai wewe gari zima.

Sasa kadi. Kampuni ikikupa gari huzuia kiasi fulani cha pesa kwenye kadi yako kama amana. Dubai aghalabu ni dirham 1,000 hadi 3,000 kwa gari la kawaida. Ulaya inaweza kuwa euro 300, inaweza kuwa 2,000. Kwa kadi ya mkopo, pesa hizo zinapunguza tu kikomo chako. Kwa kadi ya debiti ni pesa zako halisi zinazofungwa, na kufunguliwa kwake huchukua wiki mbili, hata nne. Dirham 1,500 ni kama shilingi 50,000 na ushei. Ukizifungia bila kujiandaa, utakosa ya hoteli.

Kadi lazima iwe na jina la dereva mwenyewe. Ya mume haimfai mke, ya bosi haimfai mfanyakazi. Kaunta nyingi zinakataa debiti, na kadi za kutiwa pesa kabla (prepaid) karibu zote zinazikataa. Kadi ya simu isiyo na plastiki, kama ile ya M-Pesa GlobalPay, ni nzuri kwa kununua tiketi mtandaoni, lakini usitegemee itapokelewa kwa amana ya gari. Na hapa pana mtego ambao kisheria hauitwi wizi: umelipia gari lote mtandaoni, umefika kaunta, kadi yako "haikidhi masharti". Oda inafutwa, pesa hairudi, halafu karani yuleyule anakuuzia gari lilelile kwa bei ya aliyetokea mlangoni. Dawa yake ni kusoma masharti ya tawi lile hasa utakalochukua gari, wala usitosheke na masharti ya tovuti iliyokuuzia. Tafuta vitu vitatu: aina ya kadi inayokubalika, kiasi cha amana, na kiwango utakachobeba wewe gari likiharibika.

Tuchukue mfano wa kupigia hesabu tu. Tangazo la Dubai linasema dirham 60 kwa siku. Siku tano ni 300. Kaunta inakuongezea kinga ya ziada ya 25 kwa siku: 125. Kuletewa gari uwanjani: 50. Umepita milango ya Salik, yaani tozo ya barabara ya Dubai, mara 20 na kampuni inatoza 6 kila mara: 120. Mkataba unaruhusu kilomita 200 kwa siku, wewe umetembea 1,150, zile 150 za ziada kwa nusu dirham: 75. Hapo ni 670. VAT ya asilimia 5, na jumla ni 703.50. Hakuna aliyekudanganya hata mstari mmoja, na bado umelipa zaidi ya mara mbili ya tangazo. Ndiyo maana swali la kuuliza kwa maandishi kabla ya kulipa si "kwa siku ni ngapi?" Uliza: "Nikirudisha gari zima, tangi limejaa, sijapitisha kilomita, jumla yangu na kodi zote ni ngapi?" Jibu likija la mzunguko, tafuta kwingine.

Bima ndiyo inayowachanganya wengi, na kaunta inafaidika na mchanganyiko huo. Kile kinachoandikwa CDW ni ahadi ya kampuni kwamba gari likigongwa haitakudai gharama yote, itakudai hadi kiwango fulani tu. Kiwango hicho kwa Ulaya mara nyingi ni kati ya euro 1,000 na 2,500. Na ahadi hiyo kwa kawaida haigusi matairi, rimu, vioo, paa na tumbo la gari, wala funguo zikipotea, wala ukitia dizeli kwenye gari la petroli. Yaani yale hasa yanayoharibika kirahisi. Ukinunua bima ya kiwango hicho mtandaoni kabla ya safari, karani atakwambia "hiyo kwetu haifanyi kazi". Anasema nusu ya kweli. Kwake haifanyi kazi kwa maana ya kwamba gari likikwaruzwa yeye atakata kwenye kadi yako kwanza, nawe utadai urudishiwe na kampuni ya bima. Bima yako ni halali. Jiulize tu kama kadi ina nafasi ya kubeba makato hayo kwa wiki chache. Kama haina, basi ya kaunta, ghali kama ilivyo, ndiyo inayokufaa. Hilo tunalisema ingawa wengi wanaotoa ushauri hawapendi kulisikia.

Siku hizi saini huwekwa kwenye kishikwambi. Kidole cha karani kinakuonyesha: hapa, hapa na hapa. Kila "hapa" ni kisanduku chake, na kimoja kati ya hivyo huenda kinasema umekubali kinga ya ziada au gari la daraja la juu. Vuta kioo mwenyewe mpaka mwisho. Ukiambiwa gari uliloagiza halipo na utapewa kubwa zaidi, uliza kama ni bure, halafu hakikisha mstari wa daraja kwenye mkataba unasoma sifuri. Nakala itumwe kwa barua pepe ungali umesimama pale, uifungue na kuisoma. Mashine ya kadi ikikuuliza ulipe kwa shilingi za Kenya au kwa sarafu ya pale, chagua ya pale. Ukichagua shilingi, mwenye mashine anajipangia kiwango cha kubadilisha, na asilimia 4, 5 au zaidi inayeyuka hapohapo.

Pasipoti wape waipige kopi. Usiiache kama rehani, hata kwa saa moja. Hili linatokea sana kwenye pikipiki za kukodi, Thailand hasa: pikipiki "imekwaruzwa", au inaibwa usiku na mtu mwenye funguo ya pili, na pasipoti yako iko kwenye droo ya mwenye duka. Hapo mazungumzo ya bei hayana usawa tena.

Tufike kwenye gari lenyewe, na hapa tuombe msiwe na haraka, kwa sababu haraka ndiyo mali ya mwenzako. Kwa kawaida gari liko chini ya jengo, taa hafifu, limetoka kuoshwa na bado lina maji. Maji huficha mikwaruzo. Omba kitambaa au lisogezwe kwenye mwanga. Mkononi utakuwa na karatasi yenye mchoro wa gari lililotazamwa kutoka juu, na alama za X palipo na kasoro zinazojulikana. Kila unachokiona na hakina X, mhudumu akitie na aweke saini. Akisema "hizo ndogo hatuzihesabu", mwambie vizuri tu: basi hazitakuwa na tabu kuandikwa.

Video iwe moja isiyokatwa, dakika tatu hadi nne. Anza na namba ya gari, kisha dashibodi: kilomita, mshale wa mafuta, taa za tahadhari, saa. Halafu zunguka taratibu, hatua mbili kutoka kwenye bodi, ukisema kwa sauti unachokiona. Simama kwenye kila gurudumu. Pitisha kidole ukingoni mwa rimu. Palipokwaruzwa na ukingo wa barabara kidole kitakwama kabla jicho halijaona. Katika nchi zinazoendesha upande wa kulia wa barabara, tazama zaidi magurudumu ya upande wa kulia: dereva aliyezoea kama sisi kukaa upande wa kulia wa gari hukosea kipimo cha upande ule, na waliokutangulia wengi walikosea vilevile. Kioo cha mbele kikague kwa pembe. Alama ya kokoto iliyo ndogo kama punje ya choroko leo, kwa joto la Ghuba kesho ni ufa. Chuchumaa, tia simu chini ya bampa na taa imewashwa. Iinue simu juu, upige paa, mahali pasipotazamwa na mtu. Fungua buti uone spea, jeki na pembetatu. Kisha, kabla hujawasha injini, itume video au picha kuu kwa barua pepe ya kampuni yenyewe. Waliosema mali bila daftari hupotea bila habari hawakuijua simu ya mkononi, lakini wangeipenda.

Barabarani tutapita haraka. Dubai, Salik ni dirham 6 saa za msongamano, 4 saa nyingine, na bure kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi. Linganisha na unachotozwa, maana kampuni nyingi huongeza chao. Gari dogo usilitie mchangani jangwani, kinga inakatika pale lami inapoishia. Mkwaruzo wowote, hata wa maegesho, pata karatasi ya polisi. Imarati bila hiyo gereji haitengenezi na bima hailipi. Uturuki uliza kama gari lina HGS, mfumo wao wa tozo za barabara, na inalipwaje. Kwenye barabara kuu za Hispania, mtu akikuashiria kwa mikono kwamba tairi lako lina pancha, endelea mpaka kituo cha mafuta chenye watu, ndipo ushuke.

Wanaokodi gari hapa kwenda Tanga kupitia Lunga Lunga, msidhani ni nyumbani. Mnahitaji barua ya mwenye gari inayoruhusu kuvuka mpaka, nakala ya logibuku, na Kadi ya Njano ya COMESA, yaani bima ya kuvukia mpaka, ambayo Tanzania inaitambua. Kadi hiyo inawalipa wengine mtakaowadhuru. Gari mnaloendesha halimo.

Ukitaka kuongeza siku, usiridhike na "sawa bosi" ya simu. Desemba 2022 kampuni ya Hertz ya Marekani ilikubali kulipa kiasi cha dola milioni 168 kumaliza madai 364, mengi ya wateja waliosema waliripotiwa polisi kwa wizi wa magari waliyokuwa wameyakodi kihalali. Nyongeza ya siku iwe kwenye maandishi, na tarehe mpya ionekane.

Siku ya kurudisha, jaza tangi kituo kilicho karibu na uwanja, ndani ya kilomita 10, ulinde risiti yenye saa. Futa majina na namba zako kwenye mfumo wa simu wa gari. Huu si utapeli wa mtu, ni usahaulifu wetu. Fika kaunta ikiwa wazi. Ukitumbukiza funguo kwenye sanduku usiku, mikataba mingi inasema gari bado liko mikononi mwako mpaka ofisi ifunguliwe, na aliyeligonga saa 10 usiku atakuwa wewe. Piga video ileile tena, na usiondoke bila karatasi inayosema gari limepokelewa halina uharibifu mpya. Wakikataa kuandika, lipige picha gari pale lilipo, na saa ya ukutani ionekane.

Yakija makato baada ya kurudi, usiandike barua ya hasira. Andika fupi, uombe vitu vinne: picha za kabla na za baada zenye tarehe, ankara ya gereji, kifungu cha mkataba wanachokitumia, na mchanganuo wa ada zilizoongezwa juu ya matengenezo. Mara nyingi picha ya kabla haipo, na dai linapungua lenyewe. Lisipopungua, nenda benki yako na fomu ya kupinga makato. Kwa kadi za Visa muda kwa kawaida ni siku 120, kwa hiyo usikae unabishana kwa barua pepe mpaka uishe. Kwa Ulaya una la kushikilia zaidi: Januari 2019 Tume ya Ulaya ilitangaza kwamba Avis, Europcar, Enterprise, Hertz na Sixt zimekubali kuonyesha bei yenye gharama zote za lazima na kueleza wazi kinga inajumuisha nini. Likumbushe hilo kwenye barua yako.

Faini ni jambo jingine, usizichanganye na makato ya uharibifu. Miji ya Italia ina maeneo yaitwayo ZTL katikati ya mji wa kale, magari yasiyo na kibali hayaruhusiwi, na mlinzi wake ni kamera tu. Kwanza kampuni itakukata ada, aghalabu euro 30 hadi 60, kwa kazi ya kuwapa polisi jina lako. Hiyo bado si faini. Faini yenyewe inakuja kwa posta, na kwa anayeishi nje ya Italia sheria yao inawapa siku 360 kukufikishia. Basi faili lile la video, mkataba na risiti lisifutwe kwenye simu kwa kutafuta nafasi ya picha za Idi. Likae mwaka, na kwa aliyepita Roma au Florence, mwaka na miezi miwili, barua ichelewe posta na bado ikukute nazo.